Vumbi Jekundu Kwenye Nyumba ya Vitabu

Brussels, Ubelgiji
Jumapili, Septemba 1996

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake, na umwambie kikohozi chake nakiwaza kila ninapopita duka la dawa. Goti lako je? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au umekubali kumwachia fundi mwenzako kazi za paa? Natumaini vuli haitachelewa huko Lushoto kama mwaka jana.

Kabla hujaendelea, jua kwamba mimi ni mzima. Mikono yote miwili, miguu yote miwili. Nalitanguliza hili kwa sababu yanayofuata si ya kumsomea Mama papo hapo. Msomee salamu, mpe picha niliyoambatanisha, halafu ukakae kwenye benchi lako la kazi usome yaliyobaki peke yako.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata. Mimi nilikuuliza swali moja tu, kwamba boriti ya mbao ikielemewa inatoa dalili gani. Ukanijibu kurasa mbili nzima kama unavyomfundisha mwanafunzi, kisha chini kabisa ukaandika: "Nyumba hiyo ni ya nani, na wewe unalala wapi ndani yake?" Sikukujibu. Nilijua nikikujibu utaniambia nitoke, na nilikuwa sitaki kutoka. Leo nakueleza yote.

Nyumba ilikuwa ya Mwingereza mmoja, Mzee Whitlow, mwenye miaka themanini na moja, mtafsiri mstaafu. Iko Laeken, kwenye mtaa wa nyumba nyembamba zilizobanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Nilimpata kwa tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa chuo chetu cha ukutubi: anatafutwa mtu mwenye mwandiko safi wa Kiingereza, chumba atapewa. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na kivuli, basi. Kwa miaka thelathini alikuwa akikusanya maneno ya kale ya Kiingereza yanayohusu maktaba, kila neno na kadi yake, na alitaka kuimaliza kazi hiyo kabla hajafa. Yeye anasema, mimi naandika. Nikimsomea kadi ya zamani, anarekebisha.

Siku ya kwanza aliniuliza nimesomea nini. Nikamwambia nasomea ukutubi, nitakuwa librarian.

"Unajua neno hilo lilikuwa na maana gani zamani?" akaniuliza.

"Mtunza vitabu."

"Hapana. Miaka mia tatu iliyopita, librarian aliweza kuwa mtu anayenakili maandishi kwa mkono wake. Anakaa, anaandika anachopewa, haongezi, hapunguzi. Wewe utakuwa librarian wa namna hiyo. Unaweza?"

Nikasema naweza. Baba, ulinifundisha kufuata alama ya penseli, nisikate ndani yake wala nje yake. Nilidhani kazi ni ileile.

Nilimpenda mzee yule, nisifiche. Nilimsimulia aibu niliyoipata siku niliposhuka kwenye treni hapo Gare du Midi, nikiwa na begi langu na Kifaransa cha maneno kumi. Nilitembea kidogo nikaona mlango umeandikwa "Librairie". Nikafurahi, nikasema nimefika nyumbani, hii ni maktaba. Nikaingia, nikachukua gazeti, nikavuta kiti, nikasoma. Ilipita nusu saa mwenye mahali akaanza kunifokea, ndipo nikaona kwamba nyuma yake kuna sigara na tikiti za bahati nasibu. Kumbe kwa Kifaransa neno hilo ni duka la vitabu na magazeti. Mzee Whitlow alicheka mpaka akakohoa. "Sisi ndio tuliowachukulia neno," akasema, "tukalitwika kazi ya kutunza vitabu. Wao wamebaki nalo dukani." Kisha akaniambia niandike kisa changu kwenye kadi. Kipo hadi leo.

Sasa nikupangie nyumba kama unavyopenda kupangiwa. Chini kabisa kuna ghala la kuhifadhia makaa ya zamani. Juu ya ghala, usawa wa barabara, vyumba viwili alivyopanga Maman Vumilia, mama wa Kikongo kutoka Uvira, aliyempikia mzee na kumfulia. Ghorofa inayofuata, chumba cha kulala cha mzee na chumba tulichofanyia kazi. Ghorofa ya juu yake, vitabu. Vyumba vitatu vilivyofunguana, rafu kuanzia sakafuni hadi darini, na katikati, mahali ambapo mtu angeweka meza, marundo yaliyofika kifuani pangu. Mimi nilikuwa juu ya vitabu hivyo, chini ya paa.

Najua umeshaanza kupiga hesabu kichwani. Sakafu yote ni ya mbao, boriti zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vichwa vyake vimezama ndani ya matofali. Gata la nyuma la kukinga maji ya paa lilitoboka zamani, na ukuta wa nyuma ulikuwa unakunywa maji kila mvua inaponyesha. Na hapa mvua inanyesha, Baba.

Neno ambalo mzee alilipenda kupita yote lilikuwa bochord. Ndivyo Waingereza wa kale kabisa walivyoita maktaba. Boc ni kitabu, na hord ni hazina, lakini si hazina ya kuonyesha watu, ni ile inayofichwa na kulindwa. Mzee alikuwa akisema hivi huku akipapasa migongo ya vitabu kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Kila siku baada ya chakula cha mchana alipanda juu peke yake, akaenda rafu kwa rafu kwa ncha za vidole. Na bado vifurushi viliendelea kuja. Muuza vitabu fulani wa Uingereza alikuwa na orodha ya vitu anavyovitafuta mzee, na kila wiki mbili tarishi alileta sanduku, na mimi nikalipandisha.

Mnamo mwezi wa tatu nilianza kuona vumbi. Halikuwa vumbi la kawaida. Lilikuwa jekundu, laini kama unga, rangi ya kutu, na lililala juu ya vitabu vya upande wa nyuma. Nikafuta. Kesho yake lipo tena. Nikadhani matofali yanamomonyoka. Halafu ikaja harufu, ya uyoga mbichi, hasa ukifungua mlango wa vyumba vya vitabu asubuhi. Maman Vumilia alisema harufu hiyo imefika hadi kwenye nguo zake. Mzee peke yake ndiye aliyesema hanusi kitu.

Mwezi wa tano milango ikaanza kukwama. Mwezi wa sita niliteka maji kwenye beseni ili nifute rafu, nikaliweka sakafuni, nikaona maji yamelala upande. Nililiangalia beseni lile muda mrefu. Upande mmoja maji yamefika ukingoni, upande wa pili vidole viwili vimebaki. Nikageuza beseni. Vilevile. Nikashuka polepole kwa ncha za miguu, kama mwizi, nikaenda kumwambia mzee.

"Nyumba hii ilisimama kabla baba yangu hajazaliwa," akasema.

"Sakafu imebonyea katikati, mzee. Tupunguze yale marundo tu. Tuyashushe ghalani."

Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Athumani, wewe unaona kwa macho. Mimi naona kwa mpangilio. Nikitaka kitabu kinachoeleza jinsi vitabu vilivyofungwa kwa minyororo, najua kiko rafu ya nne, mkono wa kushoto, usawa wa bega langu. Ukikihamisha, umenipofusha. Unanielewa? Sasa bado sijawa kipofu."

Tukarudi kwenye kadi. Na siku hiyohiyo, nadhani alinifanyia makusudi, akaniandikisha neno bibliotaph. Maana yake ni mtu anayevifukia vitabu vyake, anayevifanyia kaburi ili mwingine asivione. "Pembeni andika jina langu," akasema, akacheka. Sikuandika, na sikucheka.

Nikamwendea Maman Vumilia. Nilidhani yeye atanisaidia, maana kila kilicho juu kingemwangukia yeye. Nilimkuta anamenya viazi. Nikamwambia nataka kwenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo hapa wanaiita komini, nikaombe fundi aje aangalie boriti.

Kisu kikasimama. "Weye unataka kuniuwa?"

"Maman, nataka usife."

"Bon, sikiliza. Ukienda kwa commune, batafunga nyumba. Si ni vile? Bakifunga nyumba, mimi nitapata adresse wapi? Dossier ya batoto bangu iko kwa bureau tangu mwaka na nusu. Polisi wa quartier alikuya hapa mara mbili, akaona kitanda yangu, akaona batoto batalala wapi, akaandika. Donc, ile nyumba njo iko ndani ya dossier. Nyumba ikikufa, dossier inakufa."

Ana mabinti wawili, Baba, wa miaka tisa na sita, aliowaacha Uvira kwa dada yake, na dossier hiyo ni faili la maombi ya kuwaleta hapa. Picha yao ilibandikwa juu ya jiko. Habari za mapigano ya huko hata nyinyi mnazisikia redioni.

"Na sakafu ikianguka?" nikamuuliza.

"Mimi nitalala hapa hata plafond ianguke. Batoto bafike kwanza. Kiisha, ianguke."

Na mimi je? Masomo yangu yalikwisha mwezi wa sita. Kibali changu cha kukaa kiliendelea kwa barua ya Mzee Whitlow tu, aliyesaini kwamba ananitunza mpaka kazi ya kadi iishe. Mzee akipelekwa kwenye nyumba ya wazee, barua hiyo haina mwenyewe. Kwa hiyo tulikaa sisi watatu chini ya paa lile, kila mmoja ameshikiliwa pale na karatasi yake au na vitabu vyake, na kila mmoja alisikia mbao zinavyolia. Kwenye kadi za mzee lilikuwepo neno bocland, ardhi yenye kitabu, yaani yenye hati. Siku zile boc haikuwa kitabu cha kusoma tu, ilikuwa pia hati iliyokupa haki ya kukaa mahali. Nililiandika neno hilo huku nikimsikia Maman Vumilia akiimba wimbo wa kanisani chini yangu.

Ndipo nikakuandikia. Na jibu lako lilipofika nilifanya ulivyosema. Nilinunua jasi kidogo, nikaikoroga, nikapaka kiraka juu ya ufa uliokuwa kwenye dari ya chumba cha mzee, nikaandika tarehe kwa penseli. Uliandika kwamba kiraka kikipasuka ndani ya mwezi, nyumba inatembea. Kilipasuka siku ya nne. Nikapaka kingine mbele kidogo. Hicho kilipasuka kesho yake.

Baba, hapa nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Mzee alipokuwa amelala usingizi wa mchana, nilianza kushusha vitabu vya katikati. Nilichukua vya chini ya rundo, nikidhani hatavigusa. Siku tatu, kidogo kidogo, nikavipeleka ghalani na kuvifunika turubai. Siku ya nne nilikuwa kwenye meza ya kadi nikamsikia huko juu, anatembea, anasimama. Kisha akasimama kabisa.

"Athumani!"

Nikapanda. Alikuwa amesimama kati ya marundo, mikono imeinuliwa mbele yake kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani.

"Viko wapi?"

"Ghalani, mzee."

"Vingapi?"

"Arobaini na sita."

"Virudishe. Nitasimama hapa."

Nikavirudisha, safari kumi na mbili. Alisimama palepale katikati ya ile sakafu, na kila nilipompa kitabu alikipapasa, akataja jina lake, akakiweka. Kila nilipoingia mlangoni nilihisi mbao zinashuka chini yangu, kama unapokanyaga kitanda cha kamba. Nilitembea kando ya ukuta. Yeye alikuwa katikati na hakusogea. Alipoweka cha mwisho akasema, bila hasira, "Nilikuamini kwa sababu ya mikono yako." Akashuka kabla yangu, mkono ukutani.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, mlango wa chumba chake ulikataa kufunguka. Yeye yumo ndani. Fremu ilikuwa imebanwa kutoka juu, na ubao wa juu umepinda kama upinde. Mimi na Maman Vumilia tuliusukuma kwa mabega. Tulimsikia ndani anavaa viatu bila haraka.

"Athumani," akasema kutoka upande wa pili, "ukuta unasaga meno."

Tulivunja ubao wa chini kwa patasi, ile uliyonipa nilipoondoka, akatoka kwa kutambaa. Mtu wa miaka themanini na moja, kwa kutambaa, tai shingoni. Maman Vumilia akampangusa magoti. Kisha akanivuta kando akanishika shati kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, nakuomba. Mwezi moja tu. Balisema mwezi hii bataandika." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamwambia sawa.

Nilimwambia sawa, Baba, nikachukua koti langu, nikaenda komini.

Fundi wao alikuja kesho yake. Alipanda juu, akainua mbao mbili karibu na ukuta wa nyuma, akamulika tochi, akaniita. Kichwa cha boriti kilikuwa kimevikwa kitu cheupe kama pamba, na pembeni yake kitu kinene kama chapati, rangi ya kutu. Huko ndiko vumbi lilikotoka. Ni kuvu, wanaiita merule, inakula mbao ikaingia hata ukutani kutafuta nyingine. Akatoa bisibisi mfukoni akaisukuma kwenye boriti kwa kidole kimoja. Iliingia mpaka kwenye mpini. Hakuichomoa. Aliiacha pale, akanishika mkono, akaniambia tushuke, nitangulie mimi, nikae kando ya ukuta.

Walitupa hadi jioni tutoke. Wakachukua funguo zetu, wakabandika mlangoni karatasi ya kukataza mtu kuingia.

Mzee Whitlow alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni kwa Maman Vumilia. Aliuliza jambo moja tu, "Nani aliyewaita?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa. Akaomba apandishwe mara moja, afike kwenye rafu ya nne tu. Fundi akakataa. Akaomba droo za kadi. Hizo zilikuwa ghorofa ya kati, nikaruhusiwa, nikazitoa zote kumi na moja. Alizipapasa moja moja mapajani kwake hadi gari lilipokuja kumchukua. Yuko kwenye nyumba ya wazee sasa. Nimekwenda mara mbili. Namsomea kadi, ananisikiliza, lakini harekebishi tena. Mara ya pili nilisoma neno vibaya makusudi nione. Aliniacha nikapita nalo. Fomu yangu ya kibali ilikuwa mfukoni siku zote mbili, na sikuthubutu kumpa kalamu.

Maman Vumilia alipewa kitanda na dada mmoja wa kanisa lao, huko Ganshoren. Kitanda tu. Mwenye nyumba amemkatalia kujiandikisha kwenye anwani ile, na wengi hapa ni hivyohivyo. Wiki nzima hakunisemesha. Lakini kila asubuhi alipanda tramu kuja Laeken, kwa sababu barua za ofisi zingekuja kwenye anwani ya zamani. Tarishi hajali karatasi ya mlangoni. Anasukuma barua kwenye tundu la mlango, zinaangukia ndani ya korido. Maman Vumilia alipiga magoti kwenye ngazi ya barabarani, akasukuma kifuniko cha tundu kwa vidole, akachungulia. Ijumaa moja akaniona nimesimama ng'ambo ya barabara, maana mimi pia nilikuwa napita pale kila siku bila sababu. Akaniita. Neno la kwanza tangu siku ile.

"Njoo uone. Weye iko na macho ya muzuri."

Nikapiga magoti kando yake. Juu ya vigae vya korido kulikuwa na magazeti ya matangazo, na katikati yake bahasha ya kahawia, ndefu, yenye dirisha la plastiki. Hatua tatu kutoka mlangoni. Hata ungekuwa na fimbo ndefu usingeifikia.

Tulikwenda komini pamoja. Walitusikiliza vizuri. Walisema hakuna anayeruhusiwa kuingia bila fundi, na fundi atakuja Jumatatu saa tatu na ufunguo. Maman Vumilia akauliza mara tatu, "Lundi? Lundi kweli?" Wakamwandikia kwenye kikaratasi.

Jumapili tulikuwa soko la Gare du Midi, yeye ananunua lengalenga na samaki wakavu, mimi namshikia mfuko. Alikuwa ameanza kuzungumza. Aliniambia yule wa miaka tisa anaandika kwa mkono wa kushoto. Tuliporudi alisema tupitie Laeken, achungulie tu, aione bado ipo.

Tulipokata kona tuliona watu barabarani na gari la zimamoto. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama, madirisha yote yapo, na mlango upo. Lakini kupitia madirisha ya juu ulionekana mwanga wa mbingu. Jirani alisema ilikuwa saa tano na dakika chache, na kwamba haikuwa kishindo kimoja. Kwanza ulisikika mlio kama wa risasi, kisha kimya, akadhani basi, halafu vyote vikashuka kwa mfululizo, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka ghalani. Vumbi jekundu lilikuwa limefunika magari ya mtaa mzima. Karatasi zilikuwa zinaelea hewani bado.

Nilikitazama kile kilichokuwa chumba cha mzee. Nikatazama ilipokuwa sebule ya Maman Vumilia. Nikajisemea, kama isingekuwa wewe Athumani, saa hizi watu wawili wamo humo, pengine watatu. Nililisema moyoni na nilikuwa karibu kulisema kwa mdomo.

Maman Vumilia aliweka mfuko wa samaki chini. Akatembea mpaka kwenye kamba ya zimamoto, wakamzuia kwa upole. Hakulia, hakupiga kelele. Akanigeukia akasema, "Athumani. Batoto bangu bako chini ya ile bitabu."

Jumatatu tulifika ofisi inayoshughulikia faili lake kabla haijafunguliwa. Yule binti wa dirishani aliangalia kwenye mashine yake. Alithibitisha kwamba barua ilitumwa, ilikuwa wito, na tarehe ya wito ilikuwa imepita siku tatu. Asipofika mtu, faili linarudishwa mwisho wa foleni. Inawezekana kuomba upya kwa maandishi, ila iandikwe anwani anayoishi. Nimemwandikia barua hiyo mimi, kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikaeleza kila kitu, na mahali pa anwani tumeandika ya Ganshoren bila ruhusa ya mwenye nyumba. Sasa tunasubiri. Walisema wiki sita.

Wewe umejenga nyumba nyingi na umebomoa pia. Niambie, ungefanya nini? Usinijibu kwa haraka. Na umwandae Mama polepole, kwani kibali changu kinakwisha Oktoba, na huenda mkaniona nyumbani kabla ya mwaka kuisha, mikono mitupu.

Mpe Bibi salamu zangu, umwache aishike barua hii kwanza kama apendavyo, ndipo umsomee sehemu yake. Msalimu dada Mwanaidi na shemeji fundi cherehani, na umwambie koti alilonishonea bado nalivaa. Mjomba wa Mombo, yule wa mbogamboga, mwambie nimeonja kabeji za huku, hazifikii zake. Shangazi Zaina, aliyenifundisha kusoma kabla ya shule, mpe shikamoo yake mwenyewe, usiichanganye na ya wengine. Na wanafunzi wako wote wa karakana.

Nimejihifadhi kwa Mrundi mmoja wa Bujumbura ninayeswali naye. Anwani iko nyuma ya bahasha, andikia hapo. Maman Vumilia hupita kwangu jioni akitoka kwenye kibarua chake kipya, kwa sababu hapa kuna redio inayoshika Kiswahili. Jana walitaja Uvira. Akasimama akaizima kabla hawajamaliza. Akakaa. Kisha akainuka, akaiwasha tena, na walikuwa tayari wamehamia habari nyingine.

Mwanao anayekuombea dua na anayehitaji yako,

Athumani